NANI AMLIPE JAJI?

Hotuba juu ya ugomvi wa makoloni ya Marekani na Serikali ya Uingereza, 1763 hata 1776, iliyosomwa katika mkutano wa wanachama



Kamati ilinipa kazi ya kusema nanyi jioni hii juu ya jinsi makoloni ya Marekani yalivyofarakana na Uingereza kabla ya vita vyao. Habari hizi wengi wetu tulizisoma shuleni kwa haraka, tukabaki na jambo moja tu vichwani, yaani makasha ya chai yaliyotupwa baharini. Chai ile nitaifikia, lakini sitakaa nayo sana. Nataka kusema kama karani asemavyo na makarani wenzake, kwa kuwa kila nisomapo habari hizi naona kwamba ugomvi ule ulikuzwa ofisini kabla ya kufika uwanjani. Ulikuzwa katika hati na stempu, katika barua za maombi zisizojibiwa, na zaidi ya yote katika swali ambalo kila mtumishi wa serikali hulijua hata asipolisema: mshahara wangu watoka mfuko gani, na aliyeushika mfuko huo ataka nini kwangu?

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa. Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita vya miaka saba na Ufaransa, ikapata Kanada na nchi zote mpaka mto Mississippi. Ushindi ulikuwa mkubwa, na deni likawa kubwa vile vile. Lilikaribia paundi milioni 130. Juu ya deni hilo, askari wapatao 10,000 walitakiwa wakae Marekani kuilinda nchi iliyotwaliwa. Mawaziri wa London wakasema kwamba vita vilipiganwa kwa faida ya walowezi pia, basi na wachangie gharama. Nasi tusikatae kwamba maneno hayo yalikuwa na sura ya haki, maana watu wa Uingereza wenyewe walikuwa wakilipa kodi nzito kuliko ndugu zao wa ng'ambo, na ushuru wa stempu waliujua tangu mwaka 1694.

Walowezi nao walikuwa na jibu. Walisema: Hatukatai kutoa. Kila koloni lina baraza lake lililochaguliwa na watu wake. Tuombeni kwa njia ya mabaraza hayo nasi tutatoa, kama tulivyotoa wakati wa vita. Lakini Bunge la London hatukulichagua, wala hamna mtu wetu hata mmoja aketiye ndani yake. Na kila shilingi litakayotutoza sisi ni shilingi waliyojipunguzia wao, basi ni nani atakayewazuia wasizidishe?

Tarehe 22 Machi 1765 Sheria ya Stempu ilipata kibali cha Mfalme, ianze kutumika tarehe 1 Novemba. Mabwana, ikiwa iko sheria iliyotungwa kwa ajili ya makarani, basi ndiyo hii. Hati za mahakama, hati za kuuziana mashamba, wasia, leseni, hati za merikebu kuondokea bandarini, magazeti, kalenda, hata karata za kuchezea, vyote vilitakiwa viwe na chapa ya serikali, na karatasi zenye chapa hiyo zililetwa kutoka Uingereza. Karata za mchezo mmoja zilitozwa shilingi moja, jozi ya dadu shilingi 10, na shahada ya chuo paundi mbili. Na mtu aliyeivunja sheria aliweza kupelekwa mbele ya mahakama ya mambo ya bahari, ambayo jaji wake aliamua peke yake, pasipo wale watu 12 wa mji ambao Mwingereza amezoea kuhukumiwa nao.

Makoloni kadhaa yalikuwa yamekwisha kupeleka maombi yao kabla sheria haijapita. Bunge likakataa kuyapokea, kwa kuwa desturi yake ilikuwa kutopokea maombi yapingayo mswada wa fedha. Liangalieni jambo hilo. Watu wasio na mjumbe wa kusema kwa niaba yao wanaambiwa kwamba hata barua yao haiwezi kufunguliwa, kwa kuwa kanuni haziruhusu! Sisi tukaao masijala twajua jinsi kanuni ndogo iwezavyo kumwokoa mkubwa na kazi ya kujibu.

Sasa nitawaeleza yaliyompata mtumishi mmoja. Bwana Andrew Oliver alikuwa Katibu wa koloni la Massachusetts, naye akachaguliwa kuwa mgawaji wa stempu huko. Tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston waliamka wakaona sanamu yake ya matambara imetundikwa mtini. Jioni wakaibomoa nyumba yake mpya karibu na gati, waliyoidhania kuwa ofisi ya stempu, kisha wakaenda nyumbani kwake wakavunja vioo na vyombo. Kesho yake akaahidi kuiacha kazi ile. Siku 12 baadaye wakamwendea mwanyumba wake, Thomas Hutchinson, aliyekuwa Naibu wa Gavana na Jaji Mkuu kwa wakati mmoja. Nyumba yake ikavunjwa usiku kucha, na maandiko ya kale aliyoyakusanya kwa miaka mingi ili kutunga historia ya koloni yakatupwa njiani katika matope. Wenye kuwasifu walowezi hulipita jambo hili upesi, mimi siwezi. Hutchinson alikuwa ameipinga sheria ya stempu katika barua zake mwenyewe. Walakini mtu mwenye vyeo vingi vya serikali hawezi kuwaonyesha watu barua zake za ndani, basi waliona cheo tu, wakavunja nyumba.

Tarehe 1 Novemba ikafika. Wagawaji wa stempu karibu wote walikuwa wamejiuzulu kwa hofu, na karatasi zimefungiwa ngomeni au merikebuni. Hapo ndipo maofisa wa forodha walipopatikana. Akitoa hati ya merikebu bila stempu, amevunja sheria, na aliyempoteza mali yake baharini aweza kumshitaki. Asipotoa, bandari itajaa mabaharia wasio na kazi, nao wamekwisha kujifunza njia ya kwenda kwenye nyumba za maofisa. Njia mbili zilimshinda fisi. Wakaandikiana barua, wakawauliza wanasheria, kila mmoja akitafuta maandishi ya mwingine ya kumkinga. Mwisho wakatoa hati bila stempu, pamoja na shahada ya kueleza kwamba stempu hazikupatikana. Nadhani katika maneno yote yaliyoandikwa miaka ile hamna yaliyoandikwa kwa uangalifu kuliko shahada zile.

Sheria ile ilifutwa tarehe 18 Machi 1766, kwa sababu wafanya biashara wa Uingereza walilia kwamba walowezi wameacha kununua bidhaa zao. Siku ile ile Bunge likapitisha sheria nyingine, kutangaza kwamba lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Watu wa Boston walipiga mizinga na kuwasha fataki kwa furaha, na wachache tu waliisoma karatasi ya pili.

Mwaka uliofuata, 1767, Waziri wa Fedha Charles Townshend alileta ushuru juu ya vioo, risasi, rangi, karatasi na chai ziingiazo makoloni. Wengi huutaja ushuru huo wakaishia hapo. Lakini tazameni fedha zile zilikusudiwa kufanya nini: zililipe jeshi, na pia ziwalipe magavana na majaji wa makoloni mishahara yao. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha habari yote.

Desturi ya Massachusetts ilikuwa hivi. Gavana alitumwa na Mfalme, lakini mshahara wake ulitolewa mwaka kwa mwaka na Baraza la koloni. Gavana akipatana na watu, fedha hutoka mapema, akiwaudhi, hukawia. Gavana Burnet alikuja mwaka 1728 na amri ya Mfalme kwamba Baraza limwekee mshahara wa kudumu wa paundi 1,000 kila mwaka, nalo likakataa katakata, akafa mwaka uliofuata ugomvi haujaisha. Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa njema kabisa. Mtu anayengoja mwisho wa mwaka ajue kama wenzake wamependezwa naye hawezi kusimama imara penye haki. Lakini watu wale hawakuwa na kamba nyingine ya kumshika Gavana. Hawakumchagua wala hawakuweza kumwondoa. Waliweza tu kuchelewa kumlipa.

Mapema mwaka 1768 Baraza la Massachusetts liliandika barua kwa mabaraza ya makoloni mengine, kuwaomba wapatane katika malalamiko yao. Waziri mpya wa makoloni, Lord Hillsborough, akaleta amri kwamba Baraza liifute barua ile, na lisipoifuta livunjwe. Hesabu ya kura ikawa 92 waliokataa kuifuta, na 17 waliokubali. Gavana akalivunja Baraza, na mwezi wa Oktoba majeshi yakashuka Boston. Hivyo swali lililoulizwa kwa barua likajibiwa kwa askari, na askari wakikaa katikati ya mji, vijana wakiwarushia maneno na mawe, mwisho wake hujulikana. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 askari walipiga bunduki, wakafa watu watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Na siku ile ile, huko London, Waziri Mkuu Lord North alisimama Bungeni kuomba ushuru wote wa Townshend ufutwe, ila wa chai. Barua zilikuwa zikikaa baharini wiki nyingi, basi kila upande ulipata habari za mwenzake zikiwa zimekwisha kuchacha.

Kwa nini chai ikaachwa? Fedha yake haikuwa nyingi, peni tatu tu kwa ratli. Iliachwa ili haki ya kutoza isipotee. Na fedha ile kidogo ikapewa kazi. Mwaka 1772 ilitangazwa kwamba Gavana wa Massachusetts, ambaye wakati huo ni Hutchinson yule yule, atalipwa na Mfalme; kisha ikasikika kwamba na majaji wa mahakama kuu watalipwa vivyo hivyo, kutoka katika ushuru wa forodha. Jaji Mkuu sasa alikuwa Peter Oliver, nduguye Andrew.

Mabwana, kule Uingereza jaji alikuwa amelindwa tangu sheria ya mwaka 1701: hakuondolewa kazini maadamu mwenendo wake ni mwema. Katika makoloni jaji hakuwa na kinga hiyo. Aliweza kuondolewa wakati wo wote. Basi walowezi wakauliza: Jaji ambaye Mfalme aweza kumfukuza, na ambaye Mfalme ndiye amlipaye, siku nitakaposhitakiana na ofisa wa Mfalme atahukumu vipi? Swali hili halikuwa la wahuni wa gatini. John Adams, mwanasheria aliyewatetea askari wale wa mwaka 1770 mpaka wengi wao wakaachiliwa, ndiye aliyelibishania katika magazeti mwanzoni mwa mwaka 1773, hoja kwa hoja.

Mji wa Boston ulimwomba Gavana aite Baraza lizungumze juu ya mishahara ile, akakataa. Ndipo tarehe 2 Novemba 1772 mkutano wa mji ukaunda kamati ya watu 21 ya kuandikiana barua na miji mingine, na miji zaidi ya 100 ikajibu. Kamati kama hizo zikaenea makoloni yote. Mtandao uliokuja kuongoza maasi ulizaliwa katika shauri la mshahara wa jaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1774 Baraza liliwauliza majaji watano: mtapokea mshahara wa Mfalme, au wa watu? Wanne wakaukana ule wa Mfalme. Peter Oliver peke yake akasema ataupokea. Alieleza kwamba ametumikia ujaji miaka 17, na malipo ya Baraza hayakumtosha hata akala mali yake mwenyewe. Maneno hayo nayaamini, kwani kazi kubwa yenye malipo madogo twaijua sote. Baraza lilikuwa limewabana majaji wake muda mrefu, kisha likashangaa mmoja wao alipomfuata mwenye mkono mpana. Likamshitaki ili aondolewe. Gavana akazuia shauri. Lakini mwezi wa Agosti watu walioitwa kuwa wazee wa mahakama Boston walikataa kula kiapo mbele yake, na mahakama haikuweza kufanya kazi. Jaji alikuwa na mshahara, hakuwa na watu.

Mtaona sasa kwa nini chai ilitupwa. Sheria ya mwaka 1773 iliiruhusu Kampuni ya Mashariki ya India kuleta chai yake moja kwa moja, na chai hiyo ingekuwa rahisi kuliko ya kwanza. Wengine huwacheka walowezi kwa kukataa chai rahisi. Lakini kila kikombe kilikuwa na peni zake za kumlipa Gavana na jaji. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 makasha 342 yalipasuliwa na kumwagwa katika bandari ya Boston.

Hapo nisimame kidogo, maana kuna maombi mengine yaliyoandikwa Boston mwaka ule ule wa 1773, nayo hayasomwi sana. Katika makoloni 13 karibu mtu mmoja katika kila watano alikuwa Mwafrika au wa uzao wa Kiafrika, na wengi mno walikuwa watumwa. Mwezi wa Januari watumwa wa Massachusetts walipeleka maombi kwa Gavana na Baraza. Mwezi wa Aprili wanne wao, Peter Bestes, Sambo Freeman, Felix Holbrook na Chester Joie, wakawaandikia wajumbe wa miji. Waliandika kwa adabu, na kwa werevu pia: walisema wanatazamia mambo makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara namna ile kukataa kutumikishwa na wenzao. Waliomba wapewe siku moja katika wiki ya kujifanyia kazi, wapate kujikomboa kidogo kidogo, kisha wasafiri waende pwani ya Afrika kutafuta makao. Baraza ambalo kwa miaka minane lilikuwa likilalamika kwamba maombi yake hayajibiwi, halikuwapa uhuru. Utumwa ulikoma Massachusetts kwa hukumu za mahakama miaka 10 baadaye.

Habari za chai zilifika London mwezi wa Januari 1774, na aliyeona uchungu wake kwanza alikuwa mtumishi wa serikali. Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa wakuu wa posta ya makoloni tangu mwaka 1753, na papo hapo alikuwa wakili wa Baraza la Massachusetts huko London. Alikuwa amepata barua za siri za Hutchinson na Andrew Oliver, akazipeleka Boston, zikachapishwa. Baraza likaomba wote wawili waondolewe. Tarehe 29 Januari Franklin aliitwa mbele ya washauri wa Mfalme maombi hayo yasikilizwe. Badala yake mwanasheria wa serikali, Alexander Wedderburn, alimtukana karibu saa nzima huku mabwana wakubwa wakicheka, naye amesimama kimya. Maombi yakatupwa, na baada ya siku mbili akafukuzwa kazi ya posta. Kuhusu barua za siri simtetei. Karani aliyekula yamini ataliona kosa lile mara moja. Lakini kumvunja moyo mtu ambaye miaka mingi alikuwa akitafuta njia ya mapatano, hiyo ilikuwa hasara ya Uingereza.

Bunge likatoa adhabu. Bandari ya Boston ikafungwa tarehe 1 Juni 1774, na makao ya serikali yakahamishiwa Salem. (Ni Salem ile ile ambayo katika karne ya 19 merikebu zake zilikuja Unguja kununua pembe na sandarusi, zikaleta nguo tunayoiita merikani.) Tarehe 17 Juni Baraza lilikutana huko, likafunga milango kwa ufunguo ili lichague wajumbe wa mkutano wa makoloni yote. Gavana mpya, Jenerali Gage, aliposikia alimtuma Katibu wake, Thomas Flucker, na tangazo la kulivunja Baraza. Flucker akabisha, hakufunguliwa. Basi akasimama ngazini akalisoma tangazo lote mbele ya mlango uliofungwa na watu wachache waliokuwapo, na ndani kule wajumbe wakamaliza kuchagua. Kwa sheria Baraza lilikuwa limevunjwa. Kwa kweli Serikali ilikuwa nje ya mlango.

Wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia mwezi wa Septemba, wakaandika maombi kwa Mfalme. Damu ilimwagika Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775, na hata baada ya hapo, mwezi wa Julai, yakaandikwa maombi mengine ya mwisho, yenye heshima tele, kumsihi Mfalme George wa Tatu azuie vita. Tarehe 23 Agosti Mfalme alitangaza kwamba makoloni yameasi. Maombi yalipotolewa rasmi mwanzo wa Septemba, waliyoyaleta waliambiwa kwamba, kwa kuwa Mfalme hakuyapokea akiwa ameketi katika kiti chake cha enzi, hakuna jibu litakalotolewa. Mwaka uliofuata, katika orodha ya malalamiko iliyotangazwa tarehe 4 Julai 1776, mishahara ya majaji ilikuwa na mstari wake.

Mtaniuliza watumishi wale walipatwa na nini. Andrew Oliver alikufa Machi 1774. Hutchinson alisafiri kwenda Uingereza siku ile ile bandari ilipofungwa, akafa huko mwaka 1780 bila kuiona tena Boston. Peter Oliver aliondoka pamoja na jeshi Machi 1776, akafa Birmingham mwaka 1791. Flucker, yule wa ngazini, alikuwa na binti aitwaye Lucy, aliyeolewa mwezi ule ule wa Juni 1774 na mwuza vitabu wa Boston, Henry Knox, ingawa wazazi hawakupendezwa. Knox akajiunga na waasi. Wakati wa baridi ya mwaka 1775 aliyavuta mizinga kwa ng'ombe na farasi juu ya theluji kutoka ngome ya Ticonderoga, na mizinga ile ilipowekwa juu ya vilima vya Dorchester jeshi la Mfalme lililazimika kuuacha mji. Jamaa za Flucker wakaondoka kwa mizinga ya mkwe wao, na Lucy hakuwaona wazazi wake tena.